Pondo la Nyanya na Punda Shukuru

Mjukuu wangu ana tabia ya kupita kwenye ua wa jirani akiburuza fimbo juu ya mabati. Trrrr, kutoka pembe ya jiko hadi langoni, halafu anageuka na kurudi. Mama yake humkemea kwa sababu ya kelele. Mimi humkemea kwa sababu nyingine ambayo sijawahi kumweleza. Nyuma ya mabati yale jirani hufunga punda wake, na fimbo ikianza tu kulia yule mnyama hutupa kichwa na kutoa weupe wa jicho. Nami niliyeketi zangu na kikombe cha chai hushtuka pamoja naye, chai ikamwagika. Papo hapo puani hunijia harufu ya gunia lililolowa jasho la punda. Huwa niko tena Hewani, kijijini kwetu, nina miaka kama kumi, na punda ametoka mbio na nyanya yangu mgongoni.

Ngojeni niwaeleze kwa utaratibu. Nilizaliwa na haraka, na nikijiachia nitaanzia mwisho.

Sisi ni Wapokomo, watu wa mto. Katika miaka hiyo ya hamsini mtoto wa kwetu alijua kuendesha mtumbwi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Punda tulimjua kwa macho tu. Tuliwaona Waorma wakija kunywesha ng'ombe, punda wao wamebebeshwa mikeka na fito za nyumba, wanawake wakiwaswaga kwa midomo yao, nasi watoto tukiwaiga mpaka tukafukuzwa. Kumpanda punda lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu wa kijijini kwetu aliyewahi kulifikiria.

Nyanya, mama wa mama yangu, alikuwa mkunga. Alizalisha wanawake kuanzia Hewani hadi Chara, na kote huko alikwenda kwa mtumbwi, amesimama nyuma kabisa na pondo lake, ule mti wa kusukumia mtumbwi, mkononi. Pondo lile aliachiwa na marehemu babu. Lilikuwa refu kuliko mtu mzima, limelainika kwa miaka ya viganja, na ncha yake imepasuka kidogo kwa kuchoma matope. Hata nchi kavu Nyanya hakuliacha. Alikwenda nalo shambani, kisimani, hata kanisani, ambako alilisimamisha mlangoni. Watu walimtania kwamba anadhani mto utamfuata kanisani. Naye alijibu kwamba mto haujawahi kumwomba ruhusa.

Yule punda alitoka kwa familia moja ya Kiorma. Mke wao alikuwa amelemewa na uchungu siku mbili karibu na maji, Nyanya akaitwa, na mama na mtoto wakapona wote wawili. Baada ya mwezi wao wa mfungo mume akaja na punda dume mchanga, wa rangi ya majivu, akamfunga mbele ya nyumba yetu na kuondoka kabla hatujakataa. Tulimwita Shukuru. Nyanya alicheka sana siku hiyo. Alisema atamlisha maganda ya ndizi mpaka azeeke, kazi yake itakuwa kutuamsha asubuhi.

Lakini Mama Mdogo Loise alikuwa na mimba ya tatu.

Mama Mdogo alikuwa mdogo wake mama yangu, kitinda mimba wa Nyanya, na aliolewa na Mgiriama mmoja, Kazungu, ambaye watu wake walitoka kusini wakafyeka mashamba upande wa nyika, mwendo wa asubuhi nzima kutoka mtoni. Mtumbwi haufiki huko. Watoto wake wawili wa kwanza alikuja kuwazalia kwetu, kama desturi ilivyotaka, na wote wawili hawakukaa. Mmoja aliishi siku tatu, wa pili hakulia kabisa. Mara hii wazee wa upande wa Kazungu walisema basi, mtoto asizaliwe tena mtoni. Azaliwe nyumbani kwa baba yake. Mama Mdogo akatuma neno moja tu kwa mama yake: kama ni huko, basi ni kwa mikono yako, mikono mingine siitaki.

Nyanya angekwenda kwa miguu hata mwendo wa siku mbili, ila goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama boga. Alikuwa akipumzika mara mbili kati ya nyumba na mto. Ndipo macho ya wote yakamgeukia Shukuru, aliyekuwa akitafuna ukindu wa mkeka wetu bila wasiwasi.

Siku ya kwanza kijiji kizima kilikuja kutazama. Tulimtandika magunia mawili, tukamfunga kamba ya kichwani, wanaume wawili wakampandisha Nyanya. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mkia, mahali ambapo mtu wa mto hukaa akiwa na akili zake. Pondo akalilaza mapajani. Shukuru alipiga hatua kama kumi na mbili, nilizihesabu. Kisha akaruka pembeni kana kwamba ardhi imemuuma, akaingia katikati ya migomba, na Nyanya akabaki amekaa kwenye matope akiwa bado ameshika pondo.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema punda amenusa kiboko. Mwingine akasema ni jini, kwa kuwa punda huona wasichoona watu. Baba yangu alisema punda ni punda, akarudi kwenye nyavu zake.

Nikapewa kazi mimi. Nilikuwa mwepesi, na mama alikuwa amechoka kuniambia nitulie. Nilimpanda Shukuru asubuhi na jioni, na jamani, hakuniangusha hata mara moja. Nilimpitisha kando ya msitu ambako nyani walikuwa wakigombana. Nilining'iniza leso ya mama kwenye mti ipeperuke, nikafunga mawe kwenye debe na kulivuta nyuma yake. Aligeuza sikio moja tu. Nikaanza kuringa. Nikatangaza kwamba punda amepona, na kwamba kwa kweli ananipenda mimi kuliko mtu yeyote. Nyanya akapandishwa tena mbele ya watu, na kabla hajaufikia mwembe wa jirani alikuwa chini, na safari hii aliangukia mkono.

Mkono haukuvunjika, ulivimba tu. Lakini sisi sote tuliutazama kwa hofu, maana ulikuwa mkono ambao Mama Mdogo alikuwa akiungoja. Mama akasema imetosha, punda arudishwe kwa wenyewe. Wiki ile ile Kazungu akaja kutoka shambani, akaketi chini ya upenu akiwa na haya, akasema mama yake ameshazungumza na mkunga wa kwao. Loise hataki kumwona mkunga huyo. Hali chakula vizuri, analia. "Kama Mama hawezi kufika," alisema akimtazama Nyanya miguuni, "tuambieni mapema, ili Loise tumzoeze."

Nyanya alisema atafika. Usiku ule sikupata usingizi, na miguu yangu ilikuwa ikitikisika kitandani mpaka dada yangu akanipiga teke.

Aliyeliona kosa letu alikuwa Halima, yule mama wa Kiorma aliyezalishwa. Alipita na ng'ombe wake, mtoto mgongoni, akatukuta tukijaribu tena. Alisimama akatazama. Kisha akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Nyinyi watu ya maji," alisema. "Punda si mtumbwi! Mama nakaa mbele, hapa, kwa mabega. Na hii mti refu ya nini? Punda naona mti natoka nyuma ya jicho yake, najua ni kipigo. Wewe mtoto unapanda bila mti, ndio maana nanyamaza."

Akalichukua pondo, akasimama nyuma ya Shukuru, akalisogeza polepole hadi ncha ikatokea pembeni mwa jicho. Punda akaruka vile vile. Nilitaka ardhi inimeze. Siku zote zile nilizomvutia debe na leso, sikuwahi hata mara moja kumpanda nikiwa na kile ambacho Nyanya hakukiacha hata kanisani.

Mambo yakawa mepesi, nikadhani. Nyanya aache pondo nyumbani. Nilimwambia hivyo kwa furaha, nikirukaruka. Akanitazama, au tuseme aligeuza uso upande wangu, akasema kwa ukali nisiouzoea: "Pondo haliachwi."

Tulimbembeleza. Mama alimwambia kule nyikani hakuna maji ya kupima. Halima alimwambia atamkatia kifimbo kifupi kizuri. Nyanya akashika lile pondo kwa mikono miwili na kusema kama ni hivyo basi atakwenda kwa goti lake. Nilikasirika. Nataka niwe mkweli kwenu: nilimwona ni mzee mkaidi anayependa kijiti kuliko mtoto wake mwenyewe. Siku zilikuwa zinakwenda, na sikuwa mtu wa kungoja.

Kesho yake alfajiri, alipokuwa akisali, nililichukua pondo nikalificha nyuma ya ghala la mahindi.

Alilitafuta siku mbili. Hakuuliza mtu. Niliona akipita taratibu kando ya ukuta akipapasa kwa kiganja, kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi ghalani. Mara moja nilikuwa nimejibana nyuma ya ghala lile lile, nimeshika kinywa nisicheke, naye akafika hatua tatu kutoka kwangu, akasimama kidogo, kisha akageuka akarudi zake. Nilijisifu kwamba najua kujificha.

Siku ya pili alikubali kupanda bila pondo. Alikaa mbele, mahali alipoonyesha Halima, na Shukuru akaenda kama bwana harusi. Mimi nilikuwa nimeshika kamba nikijisikia mtu mkubwa sana. Nilipogeuka kumtazama, nikaona Nyanya ameinama juu ya shingo ya punda, ameikumbatia kwa mikono miwili. Tulipofika mahali mti ulipolaza kivuli chake njiani, akapaza sauti nisimame.

"Debora. Hapo mbele ni maji?"

"Ni kivuli tu, Nyanya!" Nikacheka kwa sauti, nikidhani ananitania.

Hakucheka. Akateremka mwenyewe, kwa shida, akaketi kando ya njia. Akasema tumwambie Loise kwamba amezeeka, amzoee yule mkunga mwingine. Halafu akalia. Sikuwa nimewahi kumwona Nyanya akilia, hata babu alipokufa hakulia mbele yetu. Punda alikuwa ametulia tuli, kazi yangu ilikuwa imekamilika, na mtu niliyemfanyia kazi ile alikuwa amekaa vumbini akijifuta uso kwa leso. Sikuelewa kitu. Nilijua tu kwamba mimi ndiye niliyefanya jambo hilo.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, nililirudisha pondo mahali pake pa siku zote, kando ya mlango. Nyanya alipotoka mkono wake ukaligusa. Alilishika, akalinusa, akapitisha kidole kwenye ufa wa ncha. Nilikuwa nimesimama pale nikisubiri kuchapwa.

"Kesho," alisema, "mfundishe punda. Usinifundishe mimi."

Basi nikaanza upya, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kwa sababu ilitaka taratibu na mimi sina. Halima alinielekeza. Siku ya kwanza nililaza pondo chini na kumwaga maganda ya mahindi juu yake, Shukuru akala huku akilipumulia. Siku ya pili nikamkuna nalo mgongoni, pale anapopenda kukunwa. Siku ya tatu nilichoka kungoja, nikaliinua ghafla hadi shavuni, na akaniburuza mpaka kwenye mpunga wa watu. Ilibidi nirudi nyuma, nianze tena kwenye maganda. Halima alinifundisha kumtazama mnyama badala ya kuitazama shughuli: masikio yakisimama wima, nisimame pale pale, akishusha kichwa na kulamba midomo, niondoe mti, nimpe sifa. Polepole pondo likapanda kutoka mgongoni hadi shingoni, kutoka shingoni hadi pembeni mwa jicho, upande wa kushoto, kisha wa kulia kana kwamba ni punda mwingine kabisa. Kila usiku nilihesabu siku za Mama Mdogo kwa vidole na kila asubuhi nilitaka kuruka hatua mbili. Punda hakuniruhusu hata moja.

Mwishowe Nyanya akapanda na pondo lake. Shukuru alitetemeka ngozi yote. Akasimama. Nyanya akalishusha pondo taratibu, akamkuna nalo begani kama nilivyokuwa nikifanya, na akaenda.

Kazungu alifika kabla jua halijapanda vizuri, akivuja jasho. Uchungu ulikuwa umeanza na jogoo wa kwanza. Tuliondoka hivyo hivyo bila chai, Kazungu mbele, mimi nimeshika kamba, Nyanya juu akigusa ardhi kwa pondo, kushoto, kulia, kushoto. Tuliacha mto, tukapita tambarare iliyopasuka kwa kiu, tukaingia kwenye vichaka. Katikati ya vichaka kundi la kanga likalipuka miguuni mwetu kwa makelele. Shukuru akaruka, kamba ikanichubua viganja, nikafumba macho. Nilipofumbua nikaona Nyanya bado yuko juu. Alikuwa amelaza pondo kwenye shingo ya punda na anamkuna, anamkuna, akimwambia maneno ambayo huwaambia wanawake wenye uchungu. Punda akashusha kichwa, akalamba midomo.

Nyumbani kwa Kazungu wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, na yule mkunga mwingine ameshaketi. Nyanya aliwasalimia wote kwa heshima, akanawa mikono, kisha akanishika bega akaingia nami ndani. Wakaguna. Msichana wa umri wangu haingii mahali pale. Nyanya akasema, "Huyu ananishikia beseni," nao wakatupisha.

Sitawasimulia yote. Mama Mdogo alimshika mama yake shingoni na hakumwachia mpaka mwisho. Mikono ya Nyanya ilifanya kazi bila haraka, ikipapasa, ikigeuza, ikisubiri. Mtoto alitoka akanyamaza. Nyanya akamlaza kwenye mkono wake, akainamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Debora, midomo yake ina rangi gani?"

"Ya zambarau, Nyanya."

Akamfuta, akampulizia, akamsugua mgongo kwa viganja viwili. "Na sasa?"

"Bado."

Akamgeuza, akatoa kitu kinywani kwa kidole, akapuliza tena. "Sasa?"

Niliinama hadi pua yangu ikamgusa. "Myekundu," nikasema. "Nyanya, ni myekundu!" Na kabla sijamaliza mtoto akalia, Mama Mdogo akalia, hata yule mkunga mwingine akalia. Alikuwa msichana. Akapewa jina la Nyanya, na hadi leo yuko hai, ana ng'ombe na maneno mengi.

Nilirudi kijijini nimevimba kichwa. Nilijua Nyanya aliniuliza maswali yale kunifundisha ukunga, na niliwaeleza wenzangu hivyo kwa miaka mingi. Aliendelea kunichukua, na kila mara aliniuliza: rangi gani, damu ni nyingi au kidogo, macho yamefunguka? Nilimjibu kama mwanafunzi hodari.

Nilikuwa shule ya bweni wakati mganga mmoja wa misheni alipopita kijijini akamwangalia Nyanya macho. Niliporudi likizo mama alinieleza. Mganga alisema macho kama yale yanaona mwanga tu, basi, na kwamba yamekuwa hivyo muda mrefu sana. Mama alidhani mganga amekosea. Mimi niliketi kwenye kizingiti nikaanza kuhesabu kurudi nyuma, likizo hadi likizo, mtoto hadi mtoto, nikafika kwenye kivuli kilicholala njiani. Nikafika kwenye pondo linalogusa ardhi kushoto na kulia. Wangejua wale wanawake wa mlangoni, wasingemruhusu amguse Loise, na hakuna nyumba ambayo ingemwita tena. Nami nilikuwa nimechukua macho yake nikayaficha siku mbili nyuma ya ghala la mahindi.

Nilimwendea. Alikuwa kwenye mkeka akisuka, vidole vikienda vyenyewe. Nilishindwa kuanza, nikasema tu, "Nyanya, lile pondo lilipopotea."

"Halikupotea," alisema. "Ulikuwa unapumua kama mbuzi nyuma ya ghala. Nilikusikia."

Nikamwuliza kwa nini hakunyoosha mkono akalichukua. Mama Mdogo alikuwa amebakiza siku chache, kila siku ilikuwa na thamani yake, na alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo.

Akavuta ukindu, akaukaza. "Nilikuwa nakungoja ulirudishe mwenyewe," alisema. "Ningekwenda nyikani na macho ya nani?"